Mwenye kitalu aseme alichopulizia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika barua yake ya wiki mbili zilizopita, aliwashauri waoteshaji wa miche ya mboga wa hapa Tabora waanze kutumia dawa za kudhibiti urefu wa miche, ili waache kuwauzia watu miche mirefu na myembamba inayolala chini siku ya pili baada ya kupandikizwa. Kuhusu miche inayolala sina ubishi naye. Tangu nilipostaafu kazi ya reli nimekuwa nikiotesha nyanya, pilipili hoho, bilinganya na kabichi nyuma ya nyumba yangu huku Malolo, na ninaijua fedheha ya kumkabidhi mteja trei ya miche iliyokimbia, kama tunavyosema wenyewe, huku nikiipanga kwa ujanja ili isegemeane. Ninapotofautiana naye ni pale alipoizungumzia dawa hiyo kana kwamba kazi yake inaanzia na kuishia kitaluni. Athari yake, iwe njema au mbaya, huonekana katika shamba la mtu mwingine, ambaye amelipa fedha yake bila kuambiwa kwamba mche anaoununua umepuliziwa kitu.

Nianze na mnunuzi, maana yeye ndiye aliyetufikisha hapa, ingawa bila kujua. Zamani kidogo mteja akifika kitaluni aliuliza aina ya mbegu: kama ni Tanya, kama ni Tengeru 97, au kama ni chotara. Siku hizi wengi hawaulizi, wanatazama tu. Mche ukiwa mfupi, shina nene, majani ya kijani kilichokolea, wanauchukua. Ukiwa mrefu na umepauka kidogo, wanaenda kwa jirani. Mara nyingi jicho lao haliwadanganyi, kwa sababu mche uliopata mwanga na nafasi ya kutosha huwa mfupi na mnene wenyewe. Lakini ufupi unaoletwa na jua na ule unaoletwa na dawa si kitu kimoja, hata kama miche yenyewe ukiiweka juu ya meza moja huwezi kuitofautisha. Na ile rangi ya kijani iliyokolea, ambayo mnunuzi huihesabu kuwa dalili ya afya, katika mche uliopuliziwa hutokana na seli za jani kubaki ndogo, kijani chake kikasongamana mahali padogo. Haina maana kwamba mche umeshiba mbolea.

Kimo cha mche hutegemea zaidi urefu wa pingili zake, yaani vipande vya shina vilivyo kati ya jani na jani. Pingili hurefuka pale seli zake zinaponyooka, na miongoni mwa vitu vinavyoziamuru zinyooke ni homoni za mmea ziitwazo jiberelini. Kisa cha kugunduliwa kwa homoni hizi kinastahili kusimuliwa hapa kwa sababu nacho kilihusu miche. Wakulima wa mpunga wa Japani walikuwa wakisumbuliwa na ugonjwa ambao baadhi ya miche ilirefuka ghafla kuliko mingine, ikapauka, kisha ikaanguka na kufa au ikaishi bila kutoa punje za maana. Wao waliuita ugonjwa wa mche mpumbavu. Mwaka 1926 mtafiti Mjapani Eiichi Kurosawa, aliyekuwa akifanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba majimaji yaliyochujwa kutoka kwa kuvu wanaosababisha ugonjwa huo yaliweza kuirefusha miche mizima hata bila kuvu wenyewe kuwapo. Katika miaka ya 1930 Teijiro Yabuta aliipa dutu hiyo jina la jiberelini, kutokana na jina la kuvu wale, na baadaye ikajulikana kwamba mimea yenyewe hujitengenezea jiberelini zake. Kwa hiyo mche wangu wa nyanya uliokimbia chini ya kivuli cha mwembe hauna ugonjwa wowote. Umeutafuta mwanga kwa homoni yake mwenyewe, ukafanya kwa kiasi jambo lile ambalo mpunga ule ulifanyiwa na kuvu kwa kupita kiasi.

Dawa nyingi za kufupisha mimea hufanya kazi kwa kuuzuia mmea usitengeneze jiberelini. Haziui wadudu wala magonjwa, na wala si chakula cha mmea, ingawa nimewasikia wauzaji wakiziita busta, jina ambalo kwa mkulima wetu humaanisha kitu cha kukuza. Klomekwati imetumika Ulaya kwa miaka mingi kufupisha bua la ngano lisianguke. Paklobutrazoli inajulikana sana katika nchi zinazolima maembe kibiashara, ambako humwagwa kwenye udongo kando ya shina ili mwembe upunguze kuchipua na utoe maua. Miembe yetu ya Tabora, ile mikongwe ya tangu enzi za misafara, imezaa bila msaada huo. Yunikonazoli ni ndugu wa paklobutrazoli, na nguvu yake ni kubwa zaidi. Daminozidi nayo ina historia yake: ilitumiwa kwenye matufaha ya Marekani hadi mwaka 1989, ilipoondolewa katika mazao ya chakula kwa hofu ya saratani, na tangu hapo ikabaki kwa wakulima wa maua. Naitaja kwa sababu dawa iliyoruhusiwa kwa ua la kupamba meza haijaruhusiwa kwa hilo kuwekwa kwenye nyanya, na chupa isiyo na lebo haiwezi kumwambia mtu tofauti hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji mwenzangu hakuligusa kabisa, nalo ni njia ambayo dawa hizi huingilia. Daminozidi huingia kwa jani. Paklobutrazoli na yunikonazoli huingia hasa kwa shina na kwa mizizi, kisha hupanda na maji kuelekea juu, kwa hiyo tone linalodondoka kwenye udongo wa trei halijapotea, bali linaendelea na kazi kupitia mizizi kwa siku nyingi. Paklobutrazoli hasa ni ngumu kuoza. Hukaa katika udongo kwa miezi, na mahali pengine hata zaidi ya mwaka. Sisi waoteshaji wadogo tuna tabia ya kurudia udongo wa trei kwa sababu pumba za mpunga zilizochomwa na samadi iliyochekechwa hazipatikani bure, na hatujiulizi mche wa msimu unaofuata utakuta nini humo.

Haya siyaandiki kwa kusoma tu. Mwaka jana, mwezi wa Aprili, nilikuwa na trei 20 za nyanya aina ya Tanya, kila moja ina matundu 128, na wateja wangu wengi ni wale wanaolima mabondeni, ambao hawawezi kupandikiza mpaka maji ya masika yatoke mashambani. Maji yalichelewa kutoka. Miche ikafika wiki ya tano ikiwa bado kwangu, ikaanza kutafutana na kubanana. Nikaenda kwenye duka moja la pembejeo, ambalo sitalitaja, nikauziwa chupa ndogo ya maji ya kunywa iliyotiwa dawa nyeupe kama maziwa, haina karatasi wala maandishi, nikaambiwa ni dawa ya kufupisha, kizibo kimoja kwa bomba la lita 15. Nikafanya hivyo hivyo. Baada ya wiki moja miche ilisimama kimo kilekile, ikawa mizuri kiasi kwamba niliwaita jirani waje kuitazama, na nikaiuza yote kwa siku tatu.

Mama mmoja wa Ndevelwa alichukua trei nne. Alipandikiza matuta yake kando ya matuta ya shemeji yake, aliyenunua miche kwa mtu mwingine. Wiki ya tano baadaye nyanya za shemeji zilikuwa zimeanza kutoa maua, na za kwake zilikuwa hazijapita shubiri moja, majani yamekunjamana, mazito, kijani kinachokaribia weusi. Alikuwa ameshatia urea mara mbili akidhani zina njaa. Alikuja kwangu kunilaumu kwa mbegu mbovu, na nakiri kwamba siku ya kwanza nilinyamaza, nikamwacha ailaumu mbegu. Alipokuja mara ya pili nilimwambia ukweli. Nilimpa miche mingine bila malipo, lakini bei nzuri ya nyanya za mwanzo ilikuwa imeshampita, na ile urea hakuna aliyemrudishia. Yeye hakuwa na namna yoyote ya kujua. Laiti angeambiwa siku ya kununua kwamba miche imepuliziwa kidumazi, yaani hiyo dawa ya kufupisha, angalau asingeitilia urea mara mbili kuiponya njaa isiyokuwapo, au angeikataa mapema na kwenda kwa yule aliyemuuzia shemeji yake.

Nikiwa mtu niliyefanya kazi miaka mingi mahali ambapo milimita chache zinaweza kuangusha behewa, niliona haya kwamba nilipima dawa kwa kizibo, na nikakaa chini kupiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla. Naiweka hapa kwa faida ya wengine. Dawa hizi hupimwa kwa miligramu katika lita moja ya maji. Huko Marekani, kibali cha yunikonazoli kwa miche ya nyanya, pilipili na bilinganya kinataja miligramu 2 hadi 10 kwa lita, jumla isivuke 10 hata kama mtu amegawa mara mbili, mche uwe na majani halisi mawili hadi manne, na isipuliziwe tena baada ya siku 14 tangu hatua hiyo. Tuseme mtu anataka miligramu 5 kwa lita. Katika bomba la lita 15 atahitaji miligramu 75 tu za dawa halisi. Ikiwa dawa aliyonayo ina gramu 250 kwa lita, kama zilivyo nyingi za paklobutrazoli, hizo miligramu 75 zimo ndani ya mililita 0.3, yaani matone machache. Kizibo changu kilikuwa na mililita 5. Kama chupa ile ilikuwa na nguvu hiyo, basi nilitia miligramu 1,250 katika bomba, sawa na 83 kwa lita, na si 5.

Na kosa halikuishia hapo. Kipimo kinachozoeleka cha kupulizia dawa hizi ni takriban lita 2 za mchanganyiko kwa mita 10 za mraba. Trei zangu 20, nikizipanga pamoja, zinachukua karibu mita 3 za mraba, hivyo zilihitaji zaidi kidogo ya nusu lita. Mimi nililowesha kama ninavyolowesha dawa ya ukungu, mpaka majani yakachuruzika, nikamaliza lita 5. Ukizidisha kosa la kwanza kwa la pili, unapata zaidi ya mara mia ya kipimo, hata ukitoa ile iliyodondoka nje ya trei. Miche haikufa, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu dawa ya magugu ukiizidisha hivyo utaona asubuhi yake na hutathubutu kuuza, lakini kidumazi ukikizidisha mche unazidi kupendeza machoni pa mnunuzi.

Anayelazimika kupima kiasi kidogo namna hiyo anaweza kukipima. Sindano ya mililita moja inauzwa katika duka lolote la dawa za binadamu. Anachukua mililita 1 ya dawa yenye gramu 250, anaichanganya kwanza katika maji hadi itimie lita moja, kisha katika mchanganyiko huo anachota mililita 300 na kuzitia kwenye bomba, anajaza hadi lita 15. Hapo amepata miligramu 5 kwa lita. Nimeeleza ili ionekane kwamba kupima kunawezekana, si kwa nia ya kumruhusu mtu apulizie paklobutrazoli kwenye mboga, jambo ambalo mimi sina mamlaka nalo. Tena kibali nilichokitaja cha Marekani hakihusu kabichi, wala tango, tikiti na maboga, kwa hiyo anayemshauri mwenye kitalu apulizie kila kilichoota anamshauri vibaya.

Pamoja na hayo sitaki nionekane ninawahukumu waoteshaji wenzangu, kwani najua kinachowasukuma. Mwoteshaji hana mamlaka juu ya mvua wala juu ya mfuko wa mteja. Mtu anaagiza miche elfu tatu mwishoni mwa Oktoba kwa matumaini ya mvua za Novemba. Mvua zinachelewa, simu haipokelewi, na miche haijui kwamba mteja hajalima. Ukiendelea kuinywesha inakimbia. Ukiinyima maji na mbolea ili isikue, inakomaa kupita kiasi, shina linakuwa gumu kama kijiti, na mche wa namna hiyo nao huvia shambani kama wangu wa dawa, ila hakuna anayekulaumu kwa sababu kiu haiuzwi dukani. Kwa mtu aliyekwama hivyo, dawa iliyopimwa sawasawa, iliyosajiliwa kwa zao hilo, na inayotumika mara moja mapema, inaweza kuwa msaada wa kweli. Ndiyo maana sikubaliani pia na wale wanaosema zipigwe marufuku zote. Hata sisi watu wa Tabora si wageni wa vidhibiti ukuaji: mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua akishakata maua hutumia dawa ya kuzuia machipukizi, ambayo baadhi yake ni za ukoo huu huu wa kutawala ukuaji wa mmea. Lakini yeye hupata pembejeo kupitia chama cha msingi, zikiwa katika vyombo vyake, na anayepulizia na anayevuna ni mtu yule yule. Dawa ikikosewa, hasara inabaki kwake. Katika miche ya mboga anayepulizia hupokea fedha, na hasara hupanda bodaboda kwenda kijijini.

Inafaa pia kuuliza kama urefu wenyewe umetafutiwa sababu kabla ya kutafutiwa dawa. Katika vitalu ninavyovijua hapa mjini, kikubwa kinachorefusha miche ni kivuli. Tunaweka kitalu chini ya mwembe kwa sababu tunaogopa jua la Septemba na Oktoba, halafu tunaongeza wavu mweusi juu yake, halafu tunasahau kuuondoa. Mbegu inapenda kivuli siku zile za kuota, lakini mche ukishatoa jani la kwanza halisi unadai mwanga, na kila siku unayouchelewesha unarefusha pingili zake. Kinachofuata ni msongamano. Mche hutambua mwanga uliopita katika majani ya jirani yake kuwa si mwanga kamili, nao hukimbilia juu hata kama jua ni kali. Ndiyo maana katika trei miche ya katikati huwa mirefu kuliko ya pembeni. Mimi sasa ninatumia trei za matundu makubwa zaidi kwa nyanya, na yale matundu yaliyootesha miwili ninakata mmoja kwa mkasi mapema. Ninapata miche michache kwa kila trei, na bei yangu imepanda kidogo kwa sababu hiyo. Mbolea ya naitrojeni nyingi nayo huchangia, hasa kwa wale wanaomwagia urea iliyoyeyushwa kila wiki ili miche ionekane ina nguvu.

Wakulima wa tumbaku walilijua somo la kukomaza miche muda mrefu kabla yetu. Nyasi zinazofunika kitalu cha tumbaku huondolewa kidogo kidogo na maji hupunguzwa kabla ya kupandikiza, ili mche uzoee jua na kiu ukiwa bado nyumbani. Hakuna sababu mwenye nyanya asifanye vivyo hivyo kwa siku saba hadi kumi za mwisho, mradi apunguze maji bila kuinyima miche kabisa.

Njia nyingine inawachekesha watu nikiwaeleza, nami nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka. Mmea unaoguswaguswa hufupika. Mmarekani Mark Jaffe alichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 1973, akieleza jinsi mmea unaopapaswa au kutikiswa unavyopunguza kurefuka na kuongeza unene, kama miti ya mahali penye upepo. Waoteshaji wa nchi nyingine hupitisha fimbo au bomba laini la plastiki juu ya miche, likiiinamisha kidogo bila kuivunja, mara kumi hadi ishirini kwa zamu, asubuhi na jioni. Mimi hutumia kipande cha bomba la maji, na mjukuu wangu ndiye mwenye zamu ya jioni. Kwa nyanya inafanya kazi vizuri. Kwa pilipili hoho niliacha, kwa sababu majani yake huchubuka, na kwa mche wowote haifai majani yakiwa na umande, kwani utakuwa unatembeza ugonjwa kutoka mche mmoja hadi mwingine. Ile njia ya wazungu ya kupoza nyumba ya miche kwa saa mbili tatu alfajiri ili isirefuke inahitaji mitambo, na hapa haituhusu.

Tena kwa nyanya peke yake, mche mrefu haujawa hasara. Shina la nyanya hutoa mizizi popote linapofukiwa, kwa hiyo mkulima anaweza kuondoa majani ya chini na kuufukia mche hadi karibu na majani ya juu, au kuchimba kijifereji na kuulaza shina likiwa chini ya udongo na kichwa kikiwa juu. Katika udongo wetu wa kichanga, unaokauka upesi juu, mche uliozikwa hivyo mara nyingi husimama vizuri kuliko mche mfupi uliokaa juu juu. Kabichi na pilipili hoho haziko hivyo, na mche wao ukikimbia umekimbia. Ila ninajiuliza ni wateja wangapi wa nyanya waliokataa miche mirefu na kuchukua ya dawa, wakati dakika tano za maelezo zingewatosha.

Sasa nieleze ninachoomba. Katika maelezo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, vitu vya kudhibiti ukuaji wa mimea vimo katika kundi la viuatilifu, na hapa nchini viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Ningependa wakaguzi wa Mamlaka wanapopita madukani wasiishie kwenye dawa za wadudu na magugu, waulize na hivi vichupa vyeupe vinavyokaa chini ya meza. Dawa ya kufupisha isiuzwe nje ya chombo chake cha asili, na lebo yake iseme kwa Kiswahili ni ya zao gani, kwa kipimo gani na katika umri gani wa mche. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi kiko hapa hapa nje ya mji; tungefarijika sana kama kingejaribu, kwa mbegu tunazotumia sisi na kwa hali ya hewa yetu, hizi njia za mwanga, nafasi na kugusagusa, na dawa zilizosajiliwa kama zipo, kisha kituonyeshe matokeo siku ya wakulima. Aina za nyanya hazifanani kwa usikivu wa dawa hizi, na kipimo cha kitalu cha Marekani chenye vioo hakiwezi kuhamishiwa Malolo bila kujaribiwa.

Lakini ombi langu kubwa ni kwa waoteshaji wenzangu, na halihitaji sheria wala fedha. Tuseme. Mteja akinunua trei, aandikiwe aina ya mbegu, tarehe ya kusia, na kama miche imepuliziwa kidhibiti ukuaji, aandikiwe ni kipi, kiasi gani na lini. Akijua hivyo, ataelewa kwa nini mche unakawia wiki ya kwanza, hataumiminia urea, hataotesha matango katika udongo ule ule wa trei, na akiona umekawia kupita kiasi atarudi mapema, wakati bado kuna la kufanya. Maana lipo la kufanya: mche uliozidishiwa unaweza kufunguliwa kwa kupuliziwa jiberelini yenyewe kwa kipimo kidogo sana, ila anayefanya hivyo lazima ajue kwanza kwamba ulifungwa. Na wewe Mhariri, ukurasa wako wa kilimo ukichapa tena kwamba mche bora ni mche mfupi, tafadhali uongeze mstari mmoja wa kumshauri msomaji aulize umefupishwaje.

Mimi tangu mwezi wa Februari nimeongeza safu katika stakabadhi zangu, ambapo naandika ama "haikupuliziwa" ama jina la dawa. Mpaka sasa sijaandika jina la dawa, kwa kuwa sijapata yenye lebo ya nyanya ninayoweza kuisoma na kuiamini. Wateja wengi huikunja stakabadhi bila kuitazama. Wiki iliyopita kijana mmoja kutoka Sikonge aliisoma, akaniuliza kupuliziwa huko ni kupuliziwa nini, nikamweleza kwa karibu nusu saa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama miche yangu, akasema ni mirefu mno, akaenda zake. Yule mama wa Ndevelwa alichukua trei tatu.

Wako,
Mwoteshaji wa miche,
Malolo, Manispaa ya Tabora